Daktari Alinipima Nikiwa na Sweta Ndani

Mliokuwa nami juma lililopita mliniacha nimeinama juu ya sinki, mswaki mkononi, damu inanitoka kwenye fizi na haitaki kukata. Aliyeikosa sehemu ile asisikitike. Hakukosa raha yoyote.

Kwa wageni, nitaieleza kwa pumzi moja. Mimi ni fundi cherehani. Miezi minne iliyopita, wiki tano baada ya mimba yangu kuharibika, damu iliganda kwenye mguu wangu wa kushoto, mguu ukavimba hadi viatu vikanikataa. Hospitali wakanipa vidonge vya kuifanya damu iwe nyepesi. Mume wangu anauza kwenye duka lake la dawa, wateja wanamwita Dokta na yeye hakatai. Akaniapisha kwamba sitatia dawa nyingine mdomoni zaidi ya vidonge vile. Mama yake ana majani yanayofuatwa na mtaa mzima. Naye akaniapisha kwamba nitanywa majani tu, vidonge nitupe.

Nikaapa huku, nikaapa na kule. Halafu nikanywa vyote.

Najua mtasema nilijitakia. Semeni. Mmeshasema sana kwenye barua zenu kwa mhariri, na kuna bwana mmoja aliandika kwamba mke kama mimi wa kuachwa tu. Bwana, nakusalimu. Bado niko hapa.

Siku kumi kabla ya ile asubuhi ya mswaki, mume wangu alikuta jagi la majani chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa.

"Hii nini?"

"Mama ameleta. Sijaonja. Niliona aibu tu kuimwaga."

Akaenda moja kwa moja kwa mama yake. Akamwaga vyungu vyote, akang'oa bustani nzima, hakubakiza mche hata wa kuombea mbegu. Tangu siku hiyo sikuonja jani. Siku kumi nilikuwa mke mtiifu, vidonge vyangu na maji, vidonge vyangu na maji. Na siku ya kumi ndiyo damu ikanitoka.

Sasa tuendelee.

Alhamisi, saa ya kuona wagonjwa, mume wangu aliingia wodini na karatasi. Hakunisalimia. Aliiweka juu ya shuka, akaweka na kalamu juu yake.

"Saini hapo chini."

"Ni nini?"

"Malalamiko. Nayapeleka polisi leo."

Nikasoma. Mwandiko wake mzuri, ule ule anaoandikia watu kutwa mara tatu. Kwamba mimi niliyesaini hapa chini namtuhumu mama mkwe wangu kuniwekea sumu ya majani kwenye uji kwa nia ya kunidhuru.

"Uji gani tena?"

"Jumanne alikuja nyumbani na chupa ya uji. Jumatano umeamka unatoka damu. Unataka nikuchoree ramani?"

"Ulikuwa uji tu, mume wangu."

"Umejuaje? Wewe dawa zake hujawahi kuonja, uliapa. Utazitambuaje?"

Hapo akawa amenibana kwenye kona. Ladha ya majani yale naijua hata usingizini, inaanza na uchungu kwenye ncha ya ulimi na inamalizia kooni. Lakini ningesema hivyo, ningekuwa nimejianika mwenyewe.

"Daktari mwenyewe ameandika kwenye faili lako," akasema. "Sumu ya mitishamba. Nimeona kwa macho yangu."

"Ni mama yako yule."

"Unadhani naona raha?" Macho yake yalikuwa mekundu. "Sijalala, mke wangu. Lakini karibu aniulie mke. Saini, nikanywe maji, nikirudi niikute imesainiwa."

Akatoka. Nikabaki na kalamu. Ukweli ni kwamba niliishika. Ninawaungamia hivyo kwa sababu niliahidi kuungama yote. Niliishika, nikafungua kifuniko, nikaanza kuwaza kwamba polisi watamhoji tu na kumwachia, na siri yangu itabaki salama.

Kama nilikuwa siwaamini watu wanaojichukia, siku ile nilijionea.

Mtaniuliza, sasa wewe mwanamke, kama vidonge ulikuwa navyo, majani ulikuwa unayatafutia nini?

Nitawaambia. Mimba ilipoharibika, nilirudi kwenye cherehani siku ya nne. Nilishona sare za shule asubuhi hadi jioni, mguu haunyanyuki, kwa sababu nyumbani kulikuwa na kile chumba kidogo tulichokuwa tumeshakipaka rangi. Hospitali waliniuliza umri, uzito, na kama nina mzio. Wakapima, wakanitibu, na wakanitibu vizuri. Nisiwaseme vibaya.

Lakini mama mkwe aliutazama mguu, akakataa kuukanda. "Mguu uliovimba hivi haukandwi," akasema. Akaniketisha kwenye kiti cha jikoni, akaniuliza swali moja tu. "Mwanangu, mtoto ungempa jina gani?"

Nililia mpaka chai ikapoa. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Kila asubuhi nikielekea kazini nilipita kwake, tukakaa, nikanywa kikombe changu cha majani mabichi yaliyotwangwa na kuchujwa. Akanipa na amri ya kuinuka kwenye cherehani kila baada ya saa moja na kuzunguka uwanja. Siku za mvua aliniletea kwenye jagi.

Vikombe vilikuwa viwili, vya bati, vimekaa kwenye dirisha la jikoni. Kimoja changu, kingine cha baba mkwe, mzee ambaye alishapasuliwa moyo akawekewa vali ya bandia. "Mimi natibiwa na mke asubuhi na mwana jioni," aliniambia mara moja huku akipangusa midomo. "Ila mwana asijue, atanisomea kitabu." Tukacheka wote watatu. Nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Basi, nimeshika kalamu. Daktari akaingia.

Ni msichana mdogo tu mwenye miwani mikubwa, tumejuana miezi minne yote ya kliniki. Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nakaa mbele yake, anatoa damu, anauliza bila kuinua kichwa. "Kuna dawa nyingine unatumia?" Namjibu, "Hakuna." Macho yake kwenye karatasi, yangu kwenye viatu vyake. Halafu anatikisa kichwa. "Damu yako ni nzito bado, mama. Tuongeze." Aliongeza vidonge mara tatu.

"Leo tunaendeleaje?" akauliza, anaandika.

"Fizi zimetulia. Daktari, ile sindano ya jana ilikuwa ya nini?"

"Ya kupunguza makali ya vidonge. Kipimo chako cha wepesi wa damu kinatakiwa kiwe mbili hadi tatu, wewe ulikuja na tisa. Ni vitamini tu, usiogope. Ile ile iliyomo kwenye majani mabichi. Inasaidia damu kuganda."

"Majani gani?"

"Ya kijani, karibu yote. Ndiyo maana tunawaambia msibadilishe chakula ovyo. Mtu akinywa majani mengi, vidonge vinashindwa nguvu."

Nikaweka kalamu chini.

"Na akinywa majani miezi mingi, halafu akaacha ghafla?"

Kalamu yake ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane, yule binti akanitazama usoni.

"Kwa nini unauliza hivyo, mama?"

Jamani, kibandani kwangu kuna tangazo nimeliandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa. VUA SWETA KABLA YA KUPIMWA. Kila fundi anawajua hawa wateja. Anakuja siku ya baridi, ndani kavaa sweta na juu ya sweta kavaa gauni, unamuuliza kama ana kitu ndani, anaapa hana. Unapima, unakata, unashona. Siku ya kuchukua nguo anakuja bila sweta, gauni linaning'inia, anakuita fundi mbovu mbele za watu. Nimegombana na wateja wa namna hiyo miaka kumi na mbili. Mmoja nilimfukuza futi yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni kwangu.

Na mimi nilikuwa nimefanya hivyo hivyo, kwa damu yangu.

Nilifungua mdomo nijibu, nikasikia kishindo mlangoni.

"Nani amekuruhusu kuingia humu?" Alikuwa mume wangu, chupa ya maji mkononi.

"Miguu yangu," akajibu mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, kanga mabegani, kidevu juu. "Nimesikia napelekwa polisi. Nikasema kabla sijakwenda huko, nimwone mgonjwa wangu."

"Si mgonjwa wako! Toka!"

"Wodi hii umeijenga wewe? Kazi yako kuuza vidonge, kauze."

"Mama, usinijaribu."

"Nilikubeba mgongoni ukiwa na surua, wewe na dada yako pamoja, leo uniambie nisikujaribu?"

"Jamani, hapa ni wodini!" daktari akasema. Hakuna aliyemsikia. Wagonjwa wa vitanda vyote vya upande ule walikuwa wameshaketi, mmoja ameweka mito vizuri mgongoni kabisa.

Mume wangu akageukia kitanda. "Umesaini?"

Nikaichukua ile karatasi. Nikaikunja katikati, nikaichana kwa mstari ulionyooka, kisha nikaichana tena. Mkono wa fundi hausahau.

"Sisaini," nikasema. "Uji ulikuwa uji. Najua kwa sababu majani ya mama nimeyanywa. Kila siku, miezi minne."

Hata yule wa mito aliinamia mbele.

"Uliniapia," mume wangu akasema polepole.

"Niliapa."

"Ulinishika mkono, ukaniapia!"

"Nilikushika mkono, ndiyo. Na mama nilimshika mkono vilevile."

Mama mkwe akashusha kikapu. "Ngoja kwanza. Uliniambia vidonge vyake unavitupa chooni."

"Nilivimeza, mama."

"Vyote?"

"Hata kimoja hakikuona choo."

"Mwongo mkubwa we!" wakasema wote wawili, kwa sauti moja. Mtu na mama yake, siku kumi na moja hawajasemezana, na neno la kwanza walilokubaliana ni hilo.

Nikamgeukia daktari kabla moyo haujanirudi nyuma. "Daktari, ulinipima nikiwa na sweta ndani. Majani ndiyo sweta. Kila nilipokuja ulikuta damu nzito, ukaongeza vidonge, ukakuta nzito tena, ukaongeza. Ukanishonea dozi ya mtu mwenye sweta. Halafu huyu bwana akamwaga vyungu, nikavuliwa sweta siku moja. Dozi ikabaki pana vilevile."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Madaktari hawakai vitandani, yeye alikaa.

"Siku ngapi tangu uache?"

"Kumi, hadi damu iliponitoka."

"Basi si sumu." Alivua miwani, akaifuta na koti. "Majani hayakukudhuru. Kilichokudhuru ni kuyaacha ghafla huku unameza vidonge vingi hivi, na mimi sijui. Niliandika sumu kwa sababu nilikuwa na haraka. Nitaifuta."

"Ungejuaje?" mume wangu akaruka. "Alikudanganya!"

"Nilimdanganya," nikasema. "Sikatai. Lakini na wewe, daktari, ulikuwa unauliza huku kalamu imeshaandika hakuna. Mteja wangu akiniambia hana sweta, namgusa bega nihakikishe."

Msichana wa watu hakubisha. Aliitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa, mama."

Mama mkwe akaanza kuchekelea. "Si nilisema? Majani yangu hayana shida. Vidonge ndivyo vilivyomtoa damu."

"Majani yako ndiyo yaliyovizuia vidonge visifanye kazi, mama!" mume wangu akafoka. "Donge lingepanda kwenye mapafu, angekufa pale pale kwenye cherehani!"

"Na wewe ulipong'oa bustani yangu ndipo ulipomuua vizuri!"

"Nyamazeni!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Sikujua kama bado ninayo.

"Mnagombania nini? Mguu huu ni wa nani? Damu hii ni ya nani? Mama, nakupenda, lakini donge lililo ndani ya mshipa hulioni, hata ungenitazama mwaka mzima. Bila vidonge mngekuwa mmeshanizika. Ndiyo, nasema mbele yako, na ukinuna, nuna."

Mama mkwe akanuna.

"Na wewe, Dokta. Mtoto wetu alipotoka ulinipa kidonge cha usingizi, ukaenda kufungua duka. Siku ya pili, kidonge. Siku ya tatu, kidonge. Hukuwahi kuniuliza kitu. Mama yako ndiye aliyeniuliza mtoto ningempa jina gani. Wewe hadi leo hulijui."

Chupa ya maji ikamponyoka mume wangu, ikabingirika chini ya kitanda, hakuna aliyeiokota.

"Sikujua nikuulizeje," akasema. "Niliogopa ungelia, nami ningeshindwa kukunyamazisha."

"Ningelia. Ndiyo ilikuwa dawa yenyewe."

Akaketi kwenye kiti cha wageni, akaufunika uso kwa mikono. Nilimhurumia, sitawaficha, na bado nilikuwa na hasira naye. Vyote viwili vilinikaa moyoni bila kusukumana.

"Basi nisikilizeni," nikasema. "Sichagui. Atakayetaka nichague, mlango ule pale. Vidonge nitameza, na nitapimwa. Na kwa mama nitaendelea kwenda kila asubuhi, nikae kwenye kile kiti. Kama kuna kitu cha kunywa, daktari atakijua, kila jani. Anayetaka kuniapisha tena akaapishe mto."

"Inawezekana," daktari akasema. "Si majani yote, na mengine nitayakataa. Lakini nikijua kiasi, na kiasi kisibadilike, dozi naweza kuipanga." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, nitahitaji kuyaona hayo majani. Ni aina ngapi?"

Niliona kidevu cha mama mkwe kikishuka. Miaka yote hiyo, hakuna mtu wa koti jeupe aliyewahi kumuuliza swali la heshima.

"Yalikuwa aina tano," akasema. "Yamebaki haya kidogo niliyoyakausha. Yamo humu." Akapiga magoti kwenye kikapu, akaanza kutoa vifurushi, anavipanga sakafuni. Cha kwanza, cha pili. Kwenye cha tatu mkono wake ukasimama hewani.

"Daktari. Umesema akiacha ghafla."

"Ndiyo, mama. Kama anameza vidonge hivi."

"Hivi vya rangi hii?" Akanyoosha kidole kwenye pakiti yangu kando ya kitanda.

"Ndiyo."

Alianza kuhesabu kwa vidole. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Nikahesabu naye hadi kumi na moja. Vikombe vilikuwa viwili dirishani.

"Mama," nikasema. "Baba."

Mume wangu akainua uso. "Baba ana nini?"

Mama mkwe akarudia kuhesabu.

"Baba ana nini? Baba naye vidonge hivi hivi nampelekea mimi mwenyewe, hakosi hata siku moja."

"Ndiyo, mwanangu," mama mkwe akasema kutoka sakafuni. "Hakosi. Na majani yangu ameyanywa miaka sita. Ulipomwaga vyungu, ulimwaga na kikombe chake."

"Leo siku ya kumi na moja," nikasema.

Daktari alikuwa ameshasimama. "Yuko wapi sasa? Anajisikiaje?"

"Nimemwacha nyumbani. Tulikuwa tuje wote." Mama mkwe alikuwa anaongea haraka sasa, mikono imeshika vifurushi kifuani. "Alijikata na wembe akinyoa ndevu. Mkato mdogo tu hapa, chini ya taya. Damu haikutaka kukata. Akasema, tangulia mke wangu, nitakuja ikikauka. Nikamwachia taulo."

"Saa ngapi hiyo?"

"Asubuhi. Saa mbili asubuhi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo.

Mume wangu alikuwa ameshatoa simu. Vidole vyake, vinavyohesabu vidonge bila kutazama, vilikosea namba mara mbili. Simu ikaita, tukaisikia wote, ikaita mpaka ikakata yenyewe. Akapiga tena. Ikakata tena. Nilijitupia kanga nikashusha miguu chini, daktari akanikemea nirudi kitandani, sikurudi.

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Baba!" mume wangu akaita. "Baba, nisikilize, usimeze kidonge cha leo!"

Upande wa pili mtu alivuta pumzi, kisha akaongea. Hakuwa baba. Alikuwa nani, nitawaambia juma lijalo.